Yago Lililozikwa Badala Yangu

Udongo ulikuwa tayari mkononi mwangu wakati mdogo wangu aliponishika kifundo cha mkono. Jeneza la mama lilikuwa limeshateremshwa, kamba zimeshavutwa juu, mhubiri ameshamaliza, na watu walikuwa wamenyamaza wakingoja watoto wa marehemu watupe udongo kwanza. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Kwa haki ilikuwa nianze mimi. Nikainama, nikachota, na mkono ukashikwa.

"Weka hiyo chini," mdogo wangu aliniambia polepole, kama mtu anayemtoa mlevi kanisani. "Weka kando. Si humo ndani."

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Lakini wewe ulishazikwa hapa. Mtu ameshazikwa hawezi zika mwingine."

Akaelekeza kidevu kwenye ua wa mnyaa, pale kwenye tuta lililoota nyasi. Watu wakageuka kuliangalia, halafu wakaniangalia mimi. Hakuna aliyecheka. Mzee wa ukoo aliinuka kutoka kiti chake cha plastiki, akaegemea fimbo. "Kijana," akasema, na mimi nina mvi, "usituletee shida siku ya mama yako. Achilia udongo."

Nikaachilia. Ulianguka juu ya viatu vyangu. Nilitoka langoni nikasimama barabarani, na kutoka huko ndiko nilikosikiliza sepetu zikimfunika mama yangu. Mtu mmoja alinipa kiti. Sikukaa.

Mimi ni mzima. Nina kitambulisho, nina meno karibu yote, nauza suruali za mitumba soko la Kibuye, Kisumu, na wateja wananijua kwa sauti. Lakini nyumbani kwetu, upande wa Pap Onditi, mimi ni maiti wa miaka ishirini na kitu, na sababu yake ni filamu ya kuchekesha. Sitaandika jina la mtu. Kila mwenye kosa nitamwonyesha kwa kazi aliyoifanya, na atajijua.

Tulikuwa marafiki watatu, chumba kimoja Nyalenda, mlango wa mabati. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane. Wa pili, huyu nitamwita mchekeshaji, alifukuzwa shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya kutembea nyuma ya mwalimu mkuu akimwiga mwendo wake, mpaka mwalimu mkuu akageuka. Wa tatu ndiye aliyesoma akamaliza. Alifanya kazi kwa bwana mmoja wa kupiga picha za video za harusi na matanga, na siku za kati ya wiki, wakati hakuna aoaye wala azikwaye, kamera ililala kwetu.

Huyo mshika kamera alikuwa na tabia moja. Hazimi. Wapiga video wengine wanakuambia, haya, simama hapo, cheka, basi imetosha. Yeye alikuwa anawasha na kuiacha. Harusi alizopiga zilijaa watu wenye ugali mdomoni na mabibi harusi wakijikuna. Mwajiri wake alimgombeza kila wiki. Yeye alikuwa anasema kwamba mtu anakuwa mtu wa kweli baada ya kudhani kamera imezimwa.

Umri wetu ulikuwa ishirini na mbili, ishirini na tatu, na hatukuwa na pa kwenda, kwa hivyo tulikwenda kila mahali. Asubuhi tulitoka Nyalenda kwa miguu mpaka ziwani, tukaangalia watu wakiosha magari, tukapanda mpaka Kibuye, tukashika nguo ambazo hatungenunua, tukarudi. Mchana tena. Mguu ulikuwa unawasha. Mtu akikaa chini alikuwa anaogopa kwamba maisha yatapita yamkute amekaa. Koti la suti lilikuwa moja kwa sisi watatu, na aliyekuwa na mahali pa kuomba kazi ndiye alilivaa. Mimi lilinibana mabegani, mchekeshaji lilimfika magotini. Hakuna aliyewahi kupata kazi ndani ya lile koti.

Ndipo mshika kamera akasema, hebu tujipige sisi wenyewe. Vijana watatu hawajui waende wapi. Basi, hiyo ndiyo hadithi.

Tukaipiga kwa miezi mingi. Kulikuwa na mkutano wa maombi uwanjani, wagonjwa wamepanga foleni waombewe, na mchekeshaji akajipanga nao akiwa amevaa koti. Msaidizi wa mhubiri, na kitabu chake, akamuuliza shida yake ni gani. "Uvivu," akasema. "Umenishika tangu utotoni. Nyumbani wamejaribu kila kitu." Yule mtu akaandika. Akaandika kweli, na mchekeshaji akaombewa, akasukumwa kipaji cha uso, akaanguka, na hakuamka mpaka tukamwamsha, kwa sababu alikuwa amelala usingizi.

Tulikwenda Luanda Kotieno kuwa wavuvi. Tulimwambia mkubwa wa pale ufuoni kwamba sisi ni watu wa ziwa tangu babu. Kufika maji ya kina, tulitapika wote wawili, mmoja kila upande, na mshika kamera katikati akisema, endeleeni, endeleeni. Wavuvi walicheka mpaka nyavu zikaachwa. Waliturudisha wakatupa samaki bure, wakatuomba tuje tena kesho, si kufanya kazi, kutapika tu.

Hayo yalikuwa maisha mazuri. Naandika hivyo bila kupenda.

Siku moja chumbani, mshika kamera akasema, "Hii kitu inazunguka tu. Inachekesha, lakini haifiki mahali."

"Si ndio maisha yetu," mchekeshaji akajibu. "Ikifika mahali itakuwa ya uongo."

"Lazima mtu akufe."

"Kwa picha ama kwa hii nyumba?"

"Kwa picha. Mmoja anakufa, wawili wanabaki hawajui kulia. Wanajaribu kulia, inakataa. Hiyo ndiyo mwisho."

"Mimi siwezi kufa," mchekeshaji akasema. "Nikikufa nani atachekesha?"

Wakaniangalia mimi. Nami nikasema, sawa, twendeni kwetu. Hakuna aliyenilazimisha. Katika picha ile yote watu walimwangalia mchekeshaji, na mimi nilikuwa yule mwingine anayetembea kando. Nilitaka mara moja kuwa yule ambaye kila mtu anamlilia. Kwa hivyo mkosaji wa kwanza ni mimi, na nimeshalipa.

Mama alikuwa amekwenda kwa dada yake, mkutano wa akina mama wa kanisa, siku tatu. Baba alishakufa zamani. Mdogo wangu alikuwa shule ya bweni. Boma lilikuwa tupu, kuku tu. Tulichimba kaburi kando ya ua, la kweli, kwa sababu mshika kamera alisema la uongo linaonekana. Fundi wa Pap Onditi alitugongea sanduku la mbao za makreti.

Tulipolibeba tupu, lilikuwa linarukaruka kama droo. Mabega hayakushuka. Tukatia mawe, yakagongana ndani, tukacheka, tukayatoa. Mchekeshaji akasema ngojeni. Akateremka kwenye kijito, na aliporudi alikuwa na tunda la yago begani.

Yago ni ule mti wenye matunda marefu mazito, yananing'inia kama magogo kwenye kamba. Kwetu hayaliwi. Yana kazi moja ambayo hata mtoto anaijua. Mtu akizama ziwani na mwili usipatikane, watu wake huchuma yago, hulilaza kwenye sanduku, hulililia, hulizika kwa jina lake. Baada ya hapo mtu huyo amezikwa. Hatajwi tena kwamba amepotea. Kiti chake kimeondolewa.

Sote watatu tulijua. Mshika kamera alijua, alizaliwa kama sisi, asije kusema leo kwamba alikuwa mgeni. Lakini tulikuwa vijana wa mjini, na kila mmoja alimwangalia mwenzake aone ni nani ataogopa kwanza. Mchekeshaji alilisimamisha lile tunda kando yangu. "Hata kichwa yake ni kama yako," akasema. "Hii haina masikio tu." Nikacheka. Lingine lililonibaki kufanya ni kusema hapana, na sikusema.

Tulikuwa tumewaomba akina mama wa jirani waje walie, kwa soda na mkate. Walipouliza ndani kuna nini na mchekeshaji akawaambia, wakaacha kutafuna. Mmoja, bibi wa boma la pili, aliweka soda yake chini bila kuimaliza akaenda zake. Waliobaki walilia. Walianza kwa mzaha, wakiangaliana, halafu sauti zikabadilika, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake. Mshika kamera alikosa wabebaji. Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaiacha ikienda, akaja kushika upande wa pili. Wao wawili ndio walionibeba. Mimi nilikuwa kando ya ua, mkate mkononi. Mchekeshaji akaomba dua akitaja jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani, kwa sauti ya mhubiri. Wakafukia.

Mama alirudi siku moja kabla ya ile tuliyomtarajia. Pale Pap Onditi alipokuwa akivuka soko, mwanamke wa mboga alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Pole, Mama, tumesikia kilio kwako. Ni huyo mkubwa." Huyo mkubwa ni mimi.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa ameachilia mzigo wake njiani, leso imefunguka, anakuja akiniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine analijua. Alianguka langoni. Aliinuka, akaja mpaka kwenye tuta, akajitupa juu yake, akachimba kwa vidole. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tano tu kutoka kwake. Hatimaye nikasema, "Mama."

Aliinua kichwa. Akaja akanishika uso, masikio, mabega, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga.

"Mmezika nini hapo?"

"Yago, Mama," mchekeshaji akajibu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akijibu kitu bila kukichekesha.

"Kwa jina la nani?"

Akawageukia wale akina mama, nao wakatazama chini. Halafu akaiona kamera. Mshika kamera alikuwa amesharudi nyuma yake.

"Zima hiyo kitu," mama akasema.

Hakuzima. Aliinua kamera begani akarudi nyuma hatua mbili, ili mama aenee wote kwenye picha.

Jioni hiyo mzee wa ukoo alikuja, yuleyule wa fimbo. Hakupiga kelele. Aliuliza ni akina nani waliobeba. Wakainua mikono. Akasema hao wawili, kwa mikono yao, walifukue kabla mvua haijanyesha juu yake, na waseme mbele ya wazee kwa mdomo wao kwamba walidanganya na huyu ni mzima. Mimi nikasema, Mzee, naweza kulifukua sasa hivi. Akasema, "Mtu hajifukui."

"Jumamosi, Mzee," mshika kamera akasema. "Lazima nirudishe kamera ya mtu kwanza. Jumamosi asubuhi niko hapa."

Mzee akakubali. Hata mkono walipeana.

Jumamosi mimi na mchekeshaji tulikuwa langoni tangu umande. Alikuja na jembe jipya, sijui alilitoa wapi. Wazee watatu walikaa kivulini. Mama alipika chai, akapika tena. Saa kumi wazee wakasimama wakajipangusa suruali. Mchekeshaji akawaomba alifukue peke yake, akapiga magoti kabisa, mtu ambaye hakuwahi kumpigia Mungu magoti. Wakakataa. "Mlibeba wawili," mzee akasema. Jumapili mvua ikanyesha, nami nikahesabiwa maiti mpaka wote wawili waje kulifukua.

Tulirudi Kisumu tukakuta nusu ya chumba ni tupu. Mshika kamera alikuwa ameshapanda basi la Nairobi na kaseti zote, na koti.

Kama hujazaliwa kwetu utasema, kwani ni nini, si mtu uende tu nyumbani. Nilikwenda. Mama alinizuia langoni. Hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa: mtu aliyezikwa akilala ndani ya boma anafungua njia kwa wengine. Alikuwa na mtoto mwingine mmoja tu. Kwa hivyo tangu siku hiyo aliniletea chakula barabarani, na tulikula tumekaa kwenye nyasi kama watu wanaongoja gari. Kibanda cha kijana, tunachokiita simba, ambacho mtoto wa kwanza hujenga karibu na lango, mimi sikujenga. Tuta lenyewe alilipalilia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikiacha, watu watasema sikupendi."

Nikaanza kuzunguka, safari hii bila kamera. Obunga, Nyalenda tena, Luanda Kotieno nikipakia samaki kwenye feri, Mbita nikiwapakua, nikarudi. Hakuna nyumba niliyokaa miaka miwili. Nikiona ukuta umeanza kunizoea nahama. Mtu mwingine akichoka anasema naenda nyumbani. Mimi nilikuwa nabadilisha mtaa.

Nilipata mwanamke, mtu wa Busia, mshona nguo. Watu wake walitaka kuona nilikotoka, kama ilivyo. Walikwenda bila kuniambia, wakafika vizuri, wakakaribishwa, na walipouliza mimi najenga wapi wakaonyeshwa kaburi la mkwe wao. Baba yake alinipigia simu. "Bwana," akasema, "sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini msichana wetu bado anataka mtu hai." Mchekeshaji alicheka siku mbili. Halafu akaja akakaa na mimi kimya siku ya tatu.

Na mdogo wangu. Huyu nitamwandika kwa haki, maana siku ya mazishi sikumwona kwa haki. Kwetu mdogo hatoki kujenga boma lake kabla ya mkubwa kutoka. Alinisubiri miaka sita. Alikuja mara mbili Kibuye kuniuliza, "Huyo mtu wako wa kamera anakuja?" Nikamwambia anakuja. Mke wake alikuwa na mimba ya pili, wamebanana kwenye simba. Mwishowe mzee akamwambia, mkubwa wako yuko ardhini, jenga. Akajenga. Nyumba ya mabati, mlango wa chuma, watoto wanne wamezaliwa humo. Sasa fikiria. Mimi nikifufuka leo, yeye amejenga mbele ya mkubwa aliye hai, na watoto wake wanalala ndani ya kosa. Kwa hivyo mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni, anahitaji nibaki maiti. Hanichukii, anawaogopea watoto wake. Lakini aliponishika mkono pale kaburini alishika kwa nguvu zote mbili, ya kuogopa na ya kuniondoa, na hilo nimelijua.

Tulimpigia mshika kamera. Miaka ile ya kwanza alishika simu. "Omera, hizo ni mambo za wazee," alikuwa anasema. "Si unaongea na mimi? Maiti inaongea kwa simu?" Baadaye hakushika. Baadaye namba haikuwepo.

Mchekeshaji alikufa kwa kifua. Alikuwa amekonda mpaka lile koti lingemzunguka mara mbili. Siku za mwisho nilimlisha uji kwa kijiko, akaniambia, "Sasa tutakuwa wawili huko chini. Lakini mimi nitakuwa na mwili, kwa hivyo nitakushinda kwa mieleka." Halafu akashika mkono wangu akasema, bila kuchekesha, kwamba alikuwa tayari siku ile na jembe, nisisahau kwamba alikuwa tayari. Nilimwambia najua. Kwao hakuna aliyenizuia. Nilibeba sanduku lake upande wa kichwa, nikatupa udongo.

Baada ya mazishi yake nilikutana na mzee wa ukoo barabarani, nikamuuliza sasa inakuwaje, mmoja wa wawili amekufa. Alifikiria. Akasema aliyebaki anaweza kusema kwa ajili ya wote wawili. Aliyebaki tu. Hakuna mwingine duniani.

Mwaka jana kijana mmoja alikuja mezani kwangu Kibuye kuchagua suruali. Hakuangalia suruali, aliniangalia mimi. "Buda," akasema, "wewe si ndiye ule maiti?" Akanionyesha kwenye simu. Uso wangu wa miaka ishirini na mbili, nimelala chini ya mti, nakula muwa. Filamu ilikuwa imesafishwa, imekatwa, imezunguka nchi za watu, na sasa inaonyeshwa Kisumu, na mshika kamera mwenyewe atakuwepo.

Nilivaa vizuri nikaenda. Ukumbi karibu na ziwa, viti vya plastiki, wanafunzi wengi, mchana kweupe mapazia yamefungwa. Nilikaa nyuma. Naandika ukweli: nilicheka. Mchekeshaji alitokea ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, akasema "Uvivu," na mimi nilicheka mpaka machozi, na msichana aliyekuwa kando yangu akanipa karatasi nijifute. Kila kitu kilikuwa kizuri. Kutembea kwetu, miguu yetu, yale mabaraza ambayo leo yamebomolewa. Alikuwa anajua kazi yake, simnyimi hilo.

Halafu mama akaingia langoni.

Mwanzoni watu walicheka, walidhani ni mwigizaji. Kijana mmoja mbele akasema, "Huyu mathe ni moto, walimtoa wapi?" Halafu alipoanza kuchimba kwa vidole wakanyamaza. Aliniita kwa lile jina. Ukumbi mzima wa watu wasionijua ukalisikia jina langu la utotoni. Kisha "Zima hiyo kitu," na picha ikatikisika mara mbili, ikawa nyeusi, na majina yakaanza kupanda, na watu wakasimama wakapiga makofi.

Mshika kamera alikwenda mbele. Miwani, viatu vizuri, tumbo kidogo. Msichana mmoja akamuuliza alimwelekeza vipi yule mama akafanya vile. Akatabasamu. "Sikumwelekeza," akasema. "Niliacha tu kamera iende." Makofi tena.

Nilimngoja mlangoni. Aliponiona alifungua mikono. "Marehemu," akaniita, akacheka, akanikumbatia, na alinukia vizuri.

"Mama ni mgonjwa," nikamwambia. "Anataka kuniona ndani ya nyumba kabla hajaenda. Ni mwendo wa saa moja kutoka hapa. Mzee bado yuko hai. Twende sasa, utumie nusu siku, utoe lile tunda, useme maneno mawili, urudi."

"Leo nina watu," akasema, akiwaonyesha. "Nimekuja na watu."

"Kesho."

"Jumamosi," akasema. "Jumamosi nakuja, haki. Na tuje na kamera, ndugu, hiyo itakuwa nzuri sana, tukilifukua."

Nikamwambia njoo na chochote unachotaka, njoo tu. Ijumaa alipanda ndege. Nililijua kwa kijana yule wa suruali, aliyeliona kwenye simu.

Mama hakuweza tena kutembea mpaka barabarani. Alinipigia kwa simu ya mke wa mdogo wangu. "Amekuja?"

"Amesema Jumamosi, Mama."

"Hiyo Jumamosi naijua," akasema. Akaniuliza kama nimekula. Alikufa wiki mbili baadaye, ndani ya nyumba ambayo mimi nilizaliwa, na mimi nikiwa nimesimama upande wa pili wa mnyaa nikisikiliza wakimgeuza; siku ya mazishi niliingia na umati, hakuna aliyenizuia mpaka nilipochota udongo.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa hushiki simu yangu lakini husoma kila kitu kinachoandikwa juu ya filamu yako. Mchekeshaji alijibu lake, alipiga magoti. Mimi nimejibu langu kila siku. Mdogo wangu anajibu kila akiwaangalia watoto wake, na wazee watajibu kwa Mungu wao kwa nini sheria iliwaona wabebaji wawili na haikumwona mama mmoja. Umebaki wewe. Alikuambia zima, ukasikia, tunakuona ukisikia, maana hatua zako mbili za kurudi nyuma zinatikisa picha. Kwa nini hukuzima? Jumamosi ile ya kwanza ulikuwa wapi saa ngapi, na ulimwambia nani, na ulijisemea nini basi lilipopita Ahero, mahali ambapo ungeweza kushuka ukafika kwetu kwa baiskeli? Na hii ya pili, uliponitazama machoni, ulikuwa unajua tayari siku ya ndege yako, ndiyo au hapana?

Usinijibu kwenye ukumbi wenye watu wa kupiga makofi. Njoo Pap Onditi, uliza boma letu, kila mtu atakuonyesha. Simama mbele ya mdogo wangu, mbele ya mzee wa fimbo, karibu na mahali mama amelala, na ujibu kwa mdomo wako ni kwa nini ulinizika, na kwa nini uliniacha humo.